Kuku Hawali Nyuma ya Nyumba

Nilipokuwa mtoto, kuku wa nyumbani kwetu walikuwa na masharti kuliko watu. Mtu aliweza kulala popote na kula popote, na hakuna aliyemuuliza. Lakini pumba za kuku zilikuwa na mahali pake, maji ya kuku yalikuwa na mahali pake, na ole wako ukikosea.

Mwenye masharti alikuwa Bibi, mama yake baba. Tuliishi naye upande wa Bahi, kwenye tembe, ile nyumba yetu ndefu ya udongo yenye paa bapa la udongo vilevile, ambayo mtu mrefu akiingia sharti ainame. Mlango wake ulitazama magharibi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu shida yetu yote ilianzia kwenye jua. Uwanja wa mbele ulichomwa kuanzia mchana mpaka jioni, na nyuma ya nyumba ndiko kulikokuwa na kivuli, na udongo laini wa baridi ambao kuku yeyote mwenye akili angeuchagua. Na huko nyuma ndiko Bibi alikokataza.

"Kuku hawali nyuma ya nyumba," alikuwa akisema. "Wakila kule, watoto wa nyumba hii hawakai."

Kutokaa, kwa lugha ya wazee wetu, ni kufa. Nilimuuliza mara moja tu kwa nini kuku akila mahali fulani mtoto afe. Akanitazama, akasema, "Uliza tena uone." Sikuuliza tena. Watoto wa siku hizi wangeuliza, na wangetafuta jibu kwenye simu. Sisi tulimeza tu, na lililomezwa utotoni halitoki kirahisi.

Mama yangu alikuwa mgeni pale. Kwao ni Singida, na mtu wa Singida humfundishi kuku. Alikuja kuolewa na tenga la mitetea kichwani, na wanawake wa kijijini walimtania kwamba ameleta ndugu zake harusini. Naye aliwajibu, "Ndugu zangu hawa hutaga, wenu je?" Kuku wake aliwajua mmoja mmoja, yupi mchoyo, yupi mama mzuri, yupi anakula mayai yake mwenyewe. Alinifundisha kuweka maji kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, nikiinue juu ya jiwe ili wasipekulie mchanga ndani, na nitie vijiwe humo ili kifaranga asizame. Pumba ziwe mbali kidogo na maji, la sivyo maji yanageuka uji na uji unachacha. Mpaka leo nikiona mtu ameweka chakula na maji ya kuku pamoja, najisemea moyoni, huyu hakufunzwa na mama yangu.

Lakini juu ya mahali pa kuwalishia, Mama alitii. Mama mkwe ni mama mkwe. Alimwaga pumba mbele ya mlango, akaweka kigae mbele ya mlango, akafagia mbele ya mlango, na manung'uniko yake akayaweka ndani.

Mwaka ninaousimulia mvua zilichelewa, na jua la Ugogo mvua zikichelewa halina utani na mtu. Kuku walisimama wameachama midomo, mabawa wameyaachanisha na mwili, wanahema. Mtetea mmoja tulimkuta amekufa juu ya mayai yake. Mwewe naye, kwa kuwa uwanja ulikuwa mweupe hauna hata kijiti cha kujifichia, akawa anachukua vifaranga kama anachukua vyake.

Na Mama alikuwa mjamzito, mimba kubwa. Wale kuku ndio waliokuwa uzazi wake. Kwetu mwanamke akijifungua anachinjiwa, anakunywa mchuzi, damu irudi na maziwa yatoke. Baba alikuwa kibarua mjini Dodoma, tukimwona mara moja moja, na hakuna mwingine ambaye angetuletea kuku. Kila mmoja aliyekufa juani, Mama alimwokota kwa mguu, akamtazama, kisha akashika tumbo lake. Mimi mtoto nilielewa kabisa hesabu aliyokuwa anaifanya.

Bibi akaenda msibani kwa kaka yake, na misiba ya kwetu haiishi kwa siku moja. Alipoondoka tu, kesho yake Mama akainua kigae cha maji na jiwe lake, akazunguka navyo nyuma ya nyumba.

"Mama," nikamwambia, "Bibi alisema..."

"Bibi yako alisema. Na mimi naona kwa macho yangu. Beba hao vifaranga, usisimame kama kigingi."

Jamani, kuku walivyofurahi! Walioga vumbi kwenye ule udongo laini, wakapekua, wakala, wakanywa. Hata waliokuwa wamelegea walisimama. Mama alikaa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, akacheka peke yake. "Unaona, Agnesi? Kuku hana makuu. Mpe kivuli tu." Sikumbuki kumwona amefurahi hivyo kabla ya siku ile, na baada yake nimemwona mara chache.

Bibi alirudi mchana ambao hatukumtegemea. Nilimsikia kabla sijamwona, alipiga ukelele kama ameona moto. Alikuja na ufagio, akawatimua kuku wakatawanyika huku na huku wakipiga kelele, akakipiga teke kigae na maji yote yakamwagika, maji ambayo tulikuwa tumeyachota mbali, kwenye visima vya mchangani. Kisha akafanya jambo nililoshindwa kulielewa. Alipiga magoti. Akaanza kurudishia udongo kwenye vile vishimo vya kuku, kwa viganja vyake, polepole, akiusawazisha na kuupapasa kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikadhani anaiomba mizimu isitukasirikie.

Mama alisimama pale na tumbo lake. "Shikamoo, Mama. Pole na msiba."

Bibi hakuitikia shikamoo. Kwa mtu kama Bibi, hilo peke yake lilikuwa kubwa. "Nilikuambia, Mama Agnesi," akasema. "Nilikuambia. Wakila hapa, watoto hawakai."

"Mama, kwetu kuku wanakula popote, na watoto tupo."

"Basi ngoja."

Alilisema kwa hasira tu. Nadhani alilijutia kabla halijamtoka lote mdomoni, maana aliinama upesi akaendelea na udongo wake. Lakini jirani yetu, Mama Yona, alikuwa amesimama kwenye ua wa miiba na ndoo yake kichwani, na alisikia kila neno. Mama Yona akisikia jambo, basi kijiji kimesikia.

Kuku wakarudi mbele, juani. Mvua nazo zikaja hatimaye, zikaja kwa fujo kama kawaida yetu, korongo likajaa na njia ya kwenda zahanati ikakatika. Katikati ya hali hiyo, asubuhi moja, uchungu ukamshika Mama kabla ya wakati wake. Bibi alimzalisha yeye mwenyewe. Mimi nilitolewa nje, nikakaa chini ya upenu pamoja na kuku waliolowa, nikingoja kusikia mtoto akilia. Sikusikia. Mvua ilipokatika Bibi alitoka na kitu kidogo kimefungwa kwenye kanga, jembe mkono wa pili, akapita nyuma ya nyumba. Hakunitazama.

Hakuna aliyekuja kukaa matanga. Kwetu wakati ule, mtoto ambaye hakulia wala hakupewa jina hakuwa na msiba. Mama alipewa uji, akaambiwa asilie, kwa sababu akilia anaita kifo cha mwingine. Kuku akachinjwa kama ilivyopangwa, mchuzi ukaletwa, Mama akageuzia uso ukutani. Nikapewa mimi, nikala, mtoto ni mtoto.

Mama Yona alikuja kutoa pole. Alikaa kwenye kigoda, akapangusa machozi ya kweli, akasema, "Wazee hawasemi ovyo, shoga yangu. Ungesikia tu." Alisema kwa huruma kabisa, na hiyo ndiyo iliyomaliza kazi. Angesema kwa chuki, Mama angemjibu. Ulimi alikuwa nao.

Tangu siku hiyo Mama alikuwa na sentensi moja. "Nimemuua mwanangu kwa pumba." Aliusemesha ukuta. Alinisemesha mimi nikimpelekea maji. Hakuchana nywele, hakutoka nje, hata kuku wake hakuwaulizia. Niliwalisha mimi, mbele ya mlango, na kila nilipomwaga pumba nilitazama mara mbili kama hazijapeperukia pembeni ya nyumba. Nilikuwa naamini. Mtu asinicheke, Mama alionywa, akakataa, akaona. Hata mtu mzima angeamini.

Asubuhi moja nilipoamka nilimkuta Mama amefunga mzigo. Alikuwa amevaa, amejifunga kilemba, anasema anarudi kwao Singida.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe utabaki na Bibi yako. Wewe ni wa huku." Alikuwa ananitazama kama mtu aliyechoka hata kutazama. "Nyumba hii nimeiharibia. Baba yako atanitazama kwa jicho gani?"

Nikamshika kanga. Nilishika kwa mikono yote miwili na nikaanza kupiga mayowe ambayo nadhani yalifika kwa Mama Yona na kupita. Bibi akatokea mlangoni. Akauona mzigo, akaniona mimi, akasimama akiziba njia na kile kimwili chake kidogo.

"Weka mzigo chini."

"Mama, niache niende."

"Utaenda. Siwezi kukufunga kamba. Njoo nikuonyeshe kitu, kisha nenda."

Akamshika mkono, akamvuta mpaka nyuma ya nyumba. Mimi sikuachia kanga, kwa hiyo nilikwenda nao. Udongo ulikuwa bado na unyevu wa mvua. Bibi alionyesha kwa kidole cha mguu, karibu na ukuta.

"Hapa ni wa kwanza. Hapa, wa pili. Huyu wa tatu alilia, nilimsikia, wakasema hakulia. Na hapa ni wako, nimemlaza na wenzake."

Mama alivuta mguu wake nyuma, asikanyage.

"Hatukuwaimbia," Bibi akaendelea. "Mume wangu alichimba akaenda kulisha ng'ombe. Nikija kukaa hapa wananiambia toka, utaleta balaa. Halafu kuku wakawa wanakuja kupekua. Nawafukuza, wanarudi. Udongo wenyewe laini, na mtu akimwaga pumba ndiyo kabisa. Siku moja kuku alitoa kipande cha nguo. Nilikijua, nilikishona mimi. Sasa ningewaambia nini watu? Ningesema nawalilia wanangu, wangenicheka. Nikasema ni mwiko. Nikasema wakila hapa watoto hawakai. Wakaogopa wote, hata mume wangu. Hakuna aliyemwaga kitu hapa tena."

"Kwa hiyo..." Mama akamgeukia. "Kwa hiyo mwiko..."

"Hakuna mwiko. Niliutunga mimi. Hukumuua mtoto, mwanangu. Mtoto alikufa tu, kama wangu walivyokufa. Na lile neno nililokuambia, Mungu anisamehe, nililisema kwa uchungu wa kuona wanapekuliwa."

Mimi nilitegemea Mama afurahi. Nilijua adhabu imefutwa, basi yameisha, tutabaki. Lakini Mama alikasirika. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alimshika Bibi mabega, mkwe akamshika mama mkwe mabega, jambo lisiloonekana, akamtikisa.

"Kwa nini hukuniambia? Mama, kwa nini hukuniambia? Si ningeweka mawe! Kuku hapekui penye mawe! Kila mtu anajua! Ungeniambia tu ningeweka mawe!"

Kisha akalia. Akamlilia mtoto wake kwa sauti, pale pale, na Bibi naye akakaa chini kwenye tope akalia wa kwake, na hakuna aliyewaambia wanaita balaa, kwa sababu aliyekuwepo nilikuwa mimi tu. Nami nililia, sijui hata nilimlilia nani.

Mama hakwenda Singida. Mchana ule alikunywa uji wote, akajifunga kanga kiunoni, akashuka korongoni ambako maji yalikuwa yamekauka tena, akaanza kubeba mawe. Bibi akamfuata. Nilibeba madogo. Tuliyapanga nyuma ya nyumba, makubwa chini na madogo juu, yamebanana kiasi kwamba kucha ya kuku isingepata pa kuingia. Mama alijua kupanga, maana ni kazi ya kuku, na kuku alikuwa anawajua.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Wasimulizi wengine wangeishia hapo. Lakini mimi ni mtu mzima sasa, na nimeona yaliyofuata.

Bibi hakuwaambia watu wengine ukweli. Angeanzia wapi? Alifariki baadaye, mzee sana, akazikwa kwa nyimbo na watu wengi. Kijiji hakikujua kwamba mwiko aliutunga. Kilijua tu kwamba mwanamke wa Singida alionywa, akakaidi, na mtoto hakukaa. Nikienda kule leo, nikawasalimia kwa Kigogo, mbukwa, wakanijua ni mtoto wa nani, kuna wanaowasimulia wakwe zao habari hiyo mbele yangu. Mama yangu ndiye ushahidi. Zamani nilikuwa nabisha. Siku hizi nakunywa chai yao na kunyamaza, nimechoka.

Mama sasa anaishi nami Dodoma mjini, Area D. Ninafuga kuku chotara wachache uani, mayai ya watoto na ya kuuzia majirani. Mbele ya nyumba yangu ni jua na udongo mkavu. Nyuma kuna kivuli cha ukuta tangu mchana, na sakafu ya zege. Asubuhi kabla ya kwenda kazini Mtumba naweka chakula na maji nyuma, jioni nikirudi, miguu imevimba, navikuta mbele. Mama amevihamisha. Ndoo ya maji ni nzito na mgongo wake ni mbovu, sijui huwa anaiburuta vipi. Navirudisha nyuma. Kesho navikuta mbele.

Jumamosi moja uvumilivu ulinishinda. Nilikuwa nimeinua ile ndoo, jasho linanitoka, kuku wanahema juani, yeye amekaa kibarazani anachambua mlenda.

"Mama, Bibi mwenyewe alikuambia aliutunga. Nilikuwepo. Nilishika kanga yako."

"Najua."

"Na kule nyuma chini ni zege. Hakuna mtu aliyelala kule."

"Najua, Agnesi. Mimi si mjinga."

"Sasa ni nini, Mama? Ona ninavyohangaika na mandoo."

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya mboga, "Angekuwepo mdogo wako, mngesaidiana kubeba."

Tangu siku ya mawe sikuwahi kumsikia akimtaja. Hata mara moja. Nikaweka ndoo chini, nikakaa karibu naye kwenye ngazi.

"Alikuwa wa kiume au wa kike?"

"Wa kike. Alikuwa na nywele nyingi."

Nilikuwa nimedhani miaka yote kwamba tatizo la mama yangu ni kuamini uongo, na kwamba ukweli, ukisemwa vizuri, ungemponya. Kumbe ukweli alikuwa nao. Alichokosa ni mahali pa kumweka yule mtoto, mahali pengine tofauti na kwenye mwiko. Bibi naye ni hivyo hivyo. Sikumwambia Mama haya. Nilichukua sinia la mlenda tukachambua wote mpaka likaisha.

Wiki iliyofuata nilimwita fundi aje anipigie kibanda cha kivuli mbele ya nyumba, cha kuwekea chakula na maji ya kuku. Akazunguka, akapima, akatazama kule nyuma, akacheka. "Dada, mbona unajitia gharama? Kivuli si hiki hapa nyuma, cha bure?"

Mama alikuwa kibarazani, anasikia. Nikafungua mdomo nimweleze. Nilikuwa na maneno yote, nimesoma, nafanya kazi ofisini, kueleza ndiyo kazi yangu.

"Kwetu kuku hawali nyuma ya nyumba," nikamwambia. "Ni mwiko."

"Aa, basi," akasema fundi, na akaanza kuchimba mbele, bila kuuliza neno lingine.